Kidole cha Mke wa Sonara

Benchi lina miguu mitatu na tofali, nalo limekaa nje ya duka la sonara wanayemwita Koleo. Kila asubuhi wanaume watatu hulikalia, wakinywa kahawa na kutatua matatizo ya dunia, ya nyumbani kwao yakiwashinda. Gundi ni fundi viatu wa mlango wa pili. Tangu azaliwe hajamaliza kiatu siku aliyoahidi. Breki ni dereva mstaafu, jina kapewa kwa kutokuwa nazo. Koleo ndiye aliyekuwa kainamisha kichwa asubuhi hiyo, pete ya fedha kiganjani, yenye kito cha kijani.

Kito kilikuwa cha marehemu mama mkwe wake. Mkewe alikitunza kwenye kitambaa miaka na miaka, akingoja mume amtengenezee pete. Mawe ya wateja yakawa yanapita mbele. Jana pete ikaisha, Koleo akampa aivae, ikagoma kwenye kifundo cha kidole. Mama wa watu hata hakugomba. Alisema tu, "Basi, nitaiweka kabatini."

— Angenigombeza ningelala, akasema Koleo.

— Ipanue, bwana, akasema Gundi. Mie viatu napanua kila siku.

— Na wenyewe wanarudi wanachechemea. Nikiivuta hii, kikombe kinacholishika jiwe kitalegea, jiwe lidondoke.

— Litoe kwanza.

— Ukingo wa kikombe nimeukunja ukalibana sawasawa. Nikiufungua utakatika.

— Sasa nani alikutuma ukunje vizuri hivyo?

— Si kila fundi ni wewe, Gundi.

Breki akameza kahawa yake.

— Ikate pete kwa chini, ongeza kipande, uunge kwa moto.

— Jiwe lina ufa ndani, mwembamba kama unywele. Likipata joto linapasuka.

— Lichomeke kwenye kiazi kibichi. Kiazi kina maji, moto haufiki.

— Nimewahi kufanya hivyo kwa mawe ya wateja.

— Basi!

— Hili si la mteja. Ni la mama mkwe.

 Mama mkwe hata akiwa kaburini ni mama mkwe. Lakini Breki kunyamaza humuumiza.

— Jamani, tatizo si pete, ni kidole! Kiwekwe kwenye barafu. Chuma kikipoa kinanywea.

— Mke wangu si chuma.

— Shemeji? Shemeji yule ninayemjua mimi?

— Mnyime chakula cha jioni mwezi mzima, akasema Gundi. Vidole vitapungua.

— Kamwambie wewe. Mlango unaujua.

— Au avae kidole cha mguu!

— Au mng'oe jino, umpachike hilo jiwe, akapaza sauti Breki. Kila akicheka unaiona kazi yako!

— Atacheka na nani, na mume mwenyewe ni mimi?

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Binti mmoja aliyeleta hereni iliyovunjika alikuwa kasimama pembeni akingoja wamalize. Akaona hawamalizi.

— Samahani, baba. Kipimo ulikitoa wapi?

— Kwenye pete yake ya ndoa. Iko kwenye kopo pale nyumbani.

— Mbona iko kwenye kopo?

— Aliacha kuivaa. Nikadhani anaogopa sabuni.

— Na mkono wake wenyewe, baba, mara ya mwisho uliushika lini?

Gundi akatafuta kitu chini ya benchi ambacho hakikuwepo. Breki, mwenye jibu la kila swali, akachungulia kikombe chake.  Vidole vya wanawake wa mtaa mzima vilipita mikononi mwa Koleo. Alikijua chenye kovu, alikijua kilichopinda. Akamwomba binti arudi kesho, akafunga duka.

Alimkuta mkewe uani akifua. Koleo akachuchumaa, akautoa mkono wake kwenye povu, akakipapasa kifundo. Kilikuwa kimevimba, kigumu, na mama akakunja uso.

— Kinauma?

— Siku nyingi tu. Umelipasua jiwe la mama?

— Hapana.

— Basi unataka nini na mkono wangu saa hizi?

— Nimekuja kupima.

— Na kipimo kiko wapi?

Koleo alikuwa amekiacha dukani. Mama akafuta mkono wa pili kwenye nguo yake, akampa na huo.