Miezi Sita ya Matazamio: Maisha ya Mama Michoro

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mliofika kumsindikiza, haya ni maisha ya dada yetu, ambaye kazini walimwita Mama Michoro. Yameandikwa na yanasomwa na mdogo wake wa pekee, ambaye ni muuguzi. Jana familia ilibishana sana kama habari za ugonjwa wake zisomwe hadharani. Mume wake ndiye aliyekata shauri: "Someni yote. Yeye hakupenda mchoro wenye sehemu iliyofutwa."

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1972, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshonaji. Alikulia kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, vumbi la mbao likiingia mpaka kwenye chai. Akiwa na miaka minane aliutazama mchoro ambao baba yake alimchorea mteja ubaoni kwa chaki, akasema, "Baba, mlango huu ukifunguka utagonga kitanda." Baba akakuna kichwa, akapima, akapima tena. "Basi kitanda kitahama," alisema, "maana mlango haujui kusogea." Lakini jioni aliufuta mchoro na kuuchora upya, na tangu siku hiyo hakuna mbao iliyokatwa kabla binti hajaitazama.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1986, na sekondari hadi 1990. Hisabati na uchoraji wa kiufundi alivifaulu vizuri mno, na Januari 1991 alipata nafasi katika chuo cha ufundi. Wiki mbili kabla ya kuondoka, baba yake alipooza upande mmoja. Begi lilikuwa limeshafungwa. Alilifungua mwenyewe, akatundika nguo zake msumarini, akaenda kumgeuza baba kitandani. Miaka mitatu alimuuguza mpaka alipomfumba macho. Aliyekuja kwenda chuo ni mdogo wake, na aliyemsomesha ni yeye.

Tarehe 5 Septemba 1994 aliajiriwa katika kampuni ya wahandisi, si kama mchoraji, bali kama mhudumu wa chumba cha nakala. Kutwa nzima alisimama mbele ya mashine ya kutolea nakala za michoro, ile yenye harufu ya amonia inayotoa machozi. Aliwatania wenzake kwamba yeye ndiye mfanyakazi pekee anayelipwa kwa kulia. Michoro ilipopita mikononi mwake aliisoma, na vipimo visipojumlika aliwarudishia wahandisi, kwa upole: "Samahani bosi, ukuta huu umepungua mahali."

Kompyuta zilipoingia, mchoraji mmoja mrefu na mwembamba, waliyemwita Rula, alimwachia kiti chake kila alipokwenda kula. Rula alikula kwa nusu saa. Hiyo nusu saa, kwa miaka saba, ndiyo ilikuwa chuo cha dada yetu. Chumba cha nakala kilipofungwa mwaka 2006 alikuwa tayari anajua kuchora kwa kompyuta, wakampa meza.

Mwaka 1998 alikuwa ameolewa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza swichi nyumbani kwao, akairudia mara nne swichi ambayo haikuwa mbovu. Mungu akawajalia binti na mwana. Nyumba yao ilikuwa ya kelele na vicheko.

Kazi aliyoitamani ni ya msimamizi wa michoro ya kompyuta, yaani mtu anayehakikisha kila mchoro una namba yake, unakaa mahali pake, na toleo la zamani halitoki ofisini. Hali ilikuwa mbaya. Wachoraji walihifadhi faili kwa majina kama "mwisho", "mwisho mpya", "mwisho kabisa". Aliomba nafasi hiyo mwaka 2011, akaambiwa hana cheti. Akaomba tena mwaka 2014, akaambiwa vilevile. Mara zote mbili aliletwa kijana mwenye shahada, na mara zote mbili yeye ndiye aliyetumwa kumwonyesha michoro ilipo. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akamwambia mdogo wake, "Nimechoka kumfundisha mtu kuwa mimi."

Kisha ikaja Januari 2018. Msimamizi wa michoro alikuwa ameacha kazi ghafla. Asubuhi moja dada yetu akagundua kuwa eneo la ujenzi wa tangi la maji limepelekewa toleo la zamani, lenye nondo nyembamba. Alipiga simu, haikupokelewa. Akakimbia barabarani na viatu vya ofisi, akapanda gari la kwanza lililosimama. Alipofika, mashine ilikuwa inazungusha zege.

"Mama, toka hapo," msimamizi wa ujenzi alimwambia. "Zege halisubiri mtu."

"Basi nimwagieni mimi," akajibu, akasimama katikati ya nondo.

Walimtukana, lakini hawakumwaga. Mhandisi alipofika na mchoro mpya, akaulinganisha na nondo, akakaa chini kwenye mchanga.

Tarehe 1 Februari 2018 akapewa kazi aliyoingoja. Ila kwa kuwa hana cheti, barua ilisema atakuwa kwenye matazamio, yaani majaribio kabla ya kuthibitishwa, kwa miezi sita, hadi tarehe 31 Julai.

Mwezi Machi miguu ilianza kuvimba. Alificha viatu chini ya meza, akafanya kazi peku. Jumapili moja mdogo wake alimpima presha jikoni: mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini.

"Dada, kesho hospitali."

"Nikianza kuomba ruhusa watasema mgonjwa. Nipe dawa za kunifikisha Agosti."

"Presha hii inaua figo, na figo hazijui Agosti."

"Nakuomba. Miaka ishirini na nne, mdogo wangu. Nakuomba."

Mdogo wake, aliyeyajua haya kuliko mtu yeyote humu, alimpa dawa. Hakumwambia mtu. Hata shemeji yake hakumwambia. Miadi mitatu ya kliniki ya presha aliyopangiwa na mdogo wake ilipita bila dada kwenda. Wakati huo alipanga michoro elfu kumi na moja, mmoja mmoja.

Jumatatu, tarehe 9 Julai, alianguka mezani kwake. Figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mumewe alipimwa ili amtolee figo, akaonekana ana presha. Mdogo wake alipimwa, damu haikulingana. Akatoka maabara, akakaa kwenye ngazi. Binti alikwenda kupimwa kimyakimya, na yeye akalingana. Mama yake alikataa. Alibembelezwa siku tisa, akakataa. "Sikukuzaa ili uwe akiba yangu," alimwambia. Binti yetu, ulijitolea; mama hakukukataa wewe, alikukinga. Huna deni lolote kwa hili.

Tarehe 2 Agosti Rula alimletea hospitalini barua ya kuthibitishwa kazini. Dada aliomba miwani, akaisoma mara mbili, akauliza kama wachoraji wanahifadhi faili vizuri. Mkuu wa idara alisimama mlangoni, akamwambia mdogo wake, "Angeniambia tu. Ningempa ruhusa hata ya mwezi mzima."

Mwezi Septemba damu yake iliingiwa na vijidudu. Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, saa kumi jioni, akiwa na umri wa miaka 46, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Ameacha mume, binti, mwana, mama mzazi, na mdogo mmoja.

Huyo mdogo ana ombi. Kama umesimama hapa na miguu yako imevimba, kama unangoja mkataba uishe, au bosi arudi, ndipo uende kupimwa, usingoje. Muuguzi wenu yupo hapa, na safari hii hatakusaidia kuuficha ugonjwa.

Mungu amlaze dada yetu mahali pema, na sisi tuliobaki atusamehe.