Shingo Juu na Kiota cha Barazani

Ndugu waombolezaji, kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Shingo Juu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa mwashi na mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, ambako mwalimu wa hesabu alimchapa mara kadhaa kwa kukodolea macho dirisha badala ya ubao, na wala hakukoma.

Mwaka 1970 aliajiriwa idara ya maji kuwa msoma mita, kazi ya kuinama, naye akaifanya huku anatazama juu, akijua waya upi wanatua mbayuwayu na paa lipi lina chiriku, mpaka siku moja mwaka 1978 mwenye nyumba alipomkuta ameduwaa chini ya dirisha la binti yake, akadhani anachungulia, ikabidi aonyeshwe bundi juu ya bati, jambo lililomkasirisha zaidi. Binti alicheka, wakafunga ndoa tarehe 9 Juni 1979, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 2 Februari 2024 alipatwa na kiharusi, kikamnyang'anya mkono, mguu na kauli, akalazwa hospitali. Shemeji, mkewe, akasema mgonjwa harudi kwenye nyumba chafu, akapanda ngazi mwenyewe, mimi nikiishika, akasugua baraza hadi pembe za dari, akakwangua na kiota cha mbayuwayu waliokuwa wakirudi kila mwaka kwenye pembe moja, kwa kuwa kilikuwa kitupu tukaona kimekwisha kazi. Jamani, marehemu ndiye aliyejua wanarudi lini, sisi tulijua tu kwamba yeye anajua.

Alirudi nyumbani tarehe 19, tukamkalisha barazani, akainua macho penye ile pembe, akayaacha pale pale. Siku ya nne ndege wawili wakaja, wakahangaika ukutani, wakaondoka, wakarudi. Shemeji alibandika udongo, ukaanguka, akabandika tena, ukaanguka. Akawa anamshika mkono ule mzima asubuhi na jioni, akimwomba radhi, akimwambia alidhani anamwandalia, lakini mumewe hakuwa na ulimi hata wa kumgombeza, na kugombezwa kungekuwa nafuu. Alifariki tarehe 6 Machi, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili, na hatujui kama alisamehe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wasoma mita wenzake waliombeba leo. Kaka, pumzika kwa amani, ila mwenzio bado anangoja umjibu.