Shati Limekauka, Mzee

Nilikataa kusoma hii. Niliwaambia watoto watafute mtu mwenye shule na sauti, wakanijibu bibi, ni wewe tu uliyebaki unayemjua tangu utotoni, kana kwamba kubaki ni kazi niliyoiomba. Basi nisikilizeni, maandishi ni yangu mwenyewe na ni makubwa kama vichuguu, miwani ni ya jirani, nikikwama mtangoja.

Marehemu, mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Sabuni, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, alfajiri, katika chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya useremala alikofanya kazi baba yetu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, na tarehe hiyo tunaijua kwa sababu baba aliichonga mlangoni kwa patasi. Yangu hakuichonga, nadhani siku hiyo patasi ilikuwa butu.

Alianza shule ya msingi Januari 1961, zamu ya mchana, mimi nikiwa zamu ya asubuhi, kwa kuwa sare ilikuwa moja, mimi nairudisha ina matope na wino, yeye anaifua, anaipepea juani, anaivaa mbichi, inampwaya hivyohivyo, anakimbia. Mwalimu akamuuliza mbona wewe kila siku unanyeshewa peke yako, akamjibu, "Mvua yetu inaanzia kwa dada." Mwaka 1963 mama alipofariki tuliacha shule wote wawili, yeye akiwa darasa la tatu, mimi la nne, ambalo nilikuwa nalirudia kwa kulipenda.

Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1968, na tangu siku hiyo mpaka anakufa sikuwahi kumsikia akimhubiria mtu. Wengine wakiokoka mtaa mzima haulali. Yeye aliamini kwamba Mungu anapenda watu, akaona hilo limeshasemwa vya kutosha, akatafuta beseni.

Tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, penye karo ndefu za saruji na boila inayonguruma kama ng'ombe mwenye kinyongo, akifua mashuka ya wodi zote, damu kwanza kwa maji baridi, kisha sabuni, kisha moto. Nguo alizokuja nazo mgonjwa zilishonewa kipande cha kitambaa chenye namba na kuwekwa stoo. Mgonjwa akifa, ndugu walikabidhiwa nguo hizo zikiwa kama zilivyovuliwa, zimeviringishwa na jasho lake na matapishi yake, na zisizo na mtu wa kuzichukua zilipelekwa kwenye tanuri. Mdogo wangu alimwendea matroni akamwomba ruhusa azifue kwanza. Matroni akamuuliza nani atakulipa, akasema sijauliza hilo, nimeuliza kama karo iko wazi jioni.

Basi ndugu wakawa wanafika dirishani, wameshikana mikono, wanakabidhiwa gauni limepigwa pasi na vifungo vimefungwa hadi juu, kama la mtu anayengojwa kanisani. Wengi walimshukuru, ila siku moja mama mmoja alizika pua kwenye gauni la binti yake, akalinusa, akalinusa tena, kisha akamwambia mdogo wangu, "Umemtoa. Alikuwa bado yumo humu, wewe umemtoa kwa sabuni." Hakupiga kelele, akaondoka. Mdogo wangu alirudi nyumbani hakula. Kuanzia hapo aliwauliza watu kwanza, "Nifue au nisifue?" na aliyesema usifue alimkunjia zilivyo, kwa heshima ileile. Huo ndio ukristo wake, alikosea mara moja katika kupenda, akajifunza kuuliza.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na fundi wa boila, mtu mwema, mfupi, aliyesema mdogo wangu alimpenda kwa sababu hakumsikia, boila ilikuwa inanguruma, akamkubalia kila alichosema. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1978 na wa kiume mwaka 1981, wote wako hapa mbele na watoto wao.

Sasa nafika pale ambapo kamati ya mazishi ilinishauri nipite haraka. Sipiti.

Nguo ambazo hata baada ya kufuliwa hazikuchukuliwa na mtu, mdogo wangu alizikatalia tanuri. Alizileta nyumbani kwake, akazining'iniza kwenye kamba katika chumba cha nyuma, makoti, sweta, magauni, mashati mengi kuliko vyote, na kabla ya kuning'iniza kila moja alifumua kile kitambaa cha namba kwa ncha ya wembe na kukitupa. Nilimwambia, wewe, utajuaje ipi ya nani, akasema hawa hawaitwi kwa namba huko walikoenda, mimi ni nani niwaite kwa namba hapa? Na kweli aliwajua. Huyu mtengeneza viatu, huyu mwenye pengo la kucheka, huyu aliyelia mama siku nzima na ndevu zake. Kila mwaka kabla ya Pasaka alizishusha zote, akazifua upya, akazirudisha kambani. Mume wake alikuwa akisema, "Nimeoa mke mmoja, nimepewa ukoo mzima, na hakuna hata shemeji mmoja wa kunisaidia kubeba maji."

Mimi si mtu wa kuona vitu. Lakini ninyi mliowahi kuingia chumba kile mchana kweupe mnajua. Ukifungua mlango hewa inaingia na mikono yote inanyanyuka kidogo, halafu inashuka, kama watu waliodhani ni mwingine. Nililala humo mara moja tu, asubuhi nikaenda zangu bila chai. Nilimgombeza, nikasema watu wako uchi huko nje na wewe unavalisha hewa. Akanijibu taratibu, "Walio hai wana mdomo wa kuomba, dada. Hawa wana mimi." Na aliyekuja na mdomo wake wa kuomba alimpa sweta aliyoivaa yeye, si ya kambani.

Katika nguo zile lilikuwepo shati la kijana mmoja. Kijana huyo alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa letu, yule tunayemwita Mzee Kengele kwa sababu sauti yake ilijaza kanisa hadi mlangoni, ndiyo maana kijana wake alipoiba spika za kanisa tulikaa Jumapili mbili bila mtu kugundua. Alipogundulika, Mzee Kengele alisimama mbele ya usharika akatamka kwamba yule si mwanawe tena. Kijana alifungwa, akatoka na kifua kibovu, akalazwa wodi ya wanaume mwaka 2003, na muuguzi alipotumwa nyumbani kwa baba yake alijibiwa kwamba amekosea mlango. Kijana alikufa tarehe 17 Oktoba mwaka huohuo, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mfua mashuka, akazikwa na hospitali.

Wiki ile mdogo wangu alimsubiri Mzee Kengele baada ya ibada, pembeni, watu wameshatawanyika, akamwambia, "Shati limekauka, Mzee."

"Shati gani?"

"La mwanao. Nimeshalipiga pasi."

"Mimi mwanangu yuko nyumbani anakula. Mama Sabuni, usinitafutie watoto."

Haikupita muda baraza la wazee likakaa, likasema kuna mama anafuga mizimu kambani, akanyang'anywa kufua vitambaa vya madhabahu, kazi aliyoifanya tangu ubatizo, na akaambiwa akae viti vya nyuma. Alikaa. Nilimshawishi tuhame kanisa, nikamwambia makanisa yamejaa kama maduka, akasema huyu mzee nikimhama nani atamkumbusha. Na alimkumbusha. Kila alipokutana naye, sokoni, mazikoni, foleni ya maji, alimsalimu kwa adabu, shikamoo yake kamili, kisha kwa sauti ya chini, shati limekauka, Mzee. Hakumwambia mtu mwingine yeyote. Mzee akawa anavuka barabara akimwona. Mwenyewe amenieleza majuzi kwamba alifikia mahali anaisikia sauti ile hata mdogo wangu akiwa hayupo, anasikia kwenye bomba likidondoka, kwenye pasi ya jirani, mpaka katikati ya sala yake mwenyewe, ambayo ilibidi aikatishe watu wakadhani ameshukiwa na Roho.

Mume wa marehemu alifariki tarehe 2 Mei 1999, yaani kabla ya hayo, samahani, nimeruka, miwani si yangu. Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2008.

Mwaka 2015 Mzee Kengele alipata kiharusi. Mkono mmoja ukafa, mdomo ukapinda, ile sauti ikabaki kama ya mtu anayeongea ndani ya gunia. Mke alishamtangulia, yule mtoto aliyekuwa nyumbani anakula alihama, na wazee wa baraza walimtembelea, wakaomba, wakaziba pua, wakaaga. Aliyebisha hodi na beseni alikuwa mdogo wangu. Kila Ijumaa alichukua mashuka yake, nanyi watu wazima mnajua mashuka ya mgonjwa wa namna ile yanakuwaje, akayarudisha Jumamosi yamenyooka, akamgeuza, akamtandikia, na kabla ya kutoka alisema maneno yake yale matatu. Mzee aligeukia ukutani. Siku moja alimjibu, "Fua ulichokuja kufua, mama." Mdogo wangu akasema, "Ndicho ninachofua."

Nilimuuliza kama anamlipizia kisasi, maana mimi ningekuwa ndiye, ningejua ni kisasi na ningekifurahia. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa lugha. Akasema, "Dada, mimi shati si langu. Likae kwangu, baba yake yupo?"

Mwezi wa pili mwaka huu marehemu alianza kuvimba miguu, akalazwa tarehe 3 mwezi huu katika hospitali ileile, na tarehe 6 alipooza upande na kupoteza kauli. Tarehe 9 Mzee Kengele akaja. Alikuja na fimbo, anaburuta mguu, akapanda ngazi zote kwa makalio, akasimama kando ya kitanda akasema, kwa lile gunia lake, "Mama Sabuni, nimekuja kuchukua shati." Mdogo wangu alifungua macho. Alimjua. Mdomo ulihangaika, machozi yakamtoka upande mmoja, vidole vikawa vinapapasa shuka kama anatafuta pindo. Alikuwa na jibu, mimi nililiona limejaa usoni kwake, halikuwa na pa kutokea. Alifariki tarehe 11, saa nne asubuhi, mashuka yake yakiwa safi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa yote waliyofanya, inawashukuru wafanyakazi wa chumba cha kufulia, waliokuja na aproni zao, inawashukuru majirani kwa viti na kwa maji, na inalishukuru kanisa kwa kutuwekea jeneza mbele kabisa, pale ambapo mwenyewe hakuruhusiwa kukaa.

Na wewe, mdogo wangu, lala sasa, miguu imechoka, lala kwa amani ya aliyekutuma, na kabla usingizi haujakolea sikia hili la juzi.

Mzee Kengele alifika nyumbani kwako. Yuko hapa, kiti cha tatu, ameniruhusu nisome, na asingeniruhusu ningesoma. Nilimfungulia chumba. Mikono ikanyanyuka, ikashuka. Akasema shati la mwanangu lilikuwa la buluu, mama yake alimnunulia. Hakuna la buluu, Mzee, nikamwambia, amezifua miaka yote hii, zote zimekuwa rangi moja. Akaanza kupita, moja baada ya jingine, anageuza kola kwa ule mkono mmoja, anapima mabega, ananusa, na hakuna kilichonukia isipokuwa sabuni. Akaniuliza namba yake. Nikamwambia alikuwa na jina. Akaniuliza kama mimi nalijua shati lenyewe. Nikamwambia aliyelijua tunamzika keshokutwa. Mdogo wangu, wewe ungemshushia lolote ukamwambia ndilo, akaenda zake kwa amani. Mimi sijafikia huko.

Alikaa chini sakafuni, katikati yao, muda mrefu. Aliponyanyuka alisema kwamba kama hawezi kulijua moja basi hawezi kuacha hata moja, ataondoka nazo zote, atazifua kila mwaka kwa mkono uliobaki, na mwenye ndugu yake akija atamfungulia. Jana tukaita mkokoteni. Mtaa mzima ulitoka kutazama, na mwenye mkokoteni, akipanga makoti juu ya mashati, akauliza kwa kuchoka tu, kama wanavyouliza, "Mzee, zote hizi za nani?" Mzee Kengele akajibu, hakusikika. "Eti?" Ikabidi ashike ubao wa mkokoteni, avute pumzi, aseme tena, mbele ya wazee wa baraza na majirani wote, kwa sauti yote aliyobakiwa nayo, kwamba ni za wanawe.