Orpah Nyanchera, Aliyeitwa Mvivu

Wazazi, mchungaji, ndugu na majirani mliofika hapa Nyamira, tunawasomea maisha ya Orpah Nyanchera, mke wa Walter Nyamweya, na tunaomba mvumilie sehemu moja iliyo chungu, kwani aliyeisababisha ndiye aliyetaka isomwe.

Orpah alizaliwa Nyakoe tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa pili wa Mzee Obadiah na Mama Abigael, akasoma huko huko mpaka darasa la nane, na kuanzia Januari 1962 akafundisha darasa la kwanza kule Marani, ambako sauti yake, jamani, ilisikika mpaka sokoni. Alifunga ndoa na Walter tarehe 19 Desemba 1965, wakajaliwa Jethro, Bitutu na kitinda mimba Persis, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1974.

Baada ya uzazi huo miguu yake ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi, na mwanamke aliyezoea kubeba kikapu cha chai bila kupumzika akawa anatua mara tatu kabla ya kufika kituo cha kuuzia. Mama mkwe wake, Mama Bathsheba, alimkuta amekaa kando ya njia, akasema mbele za watu kwamba Walter ameoa mvivu, na sisi wengine, aibu yetu, tulicheka. Orpah aliinuka akabeba kikapu chake.

Aprili 1976 daktari mmoja wa Kisii alimweleza Walter kwamba misuli ya moyo wa mkewe imeishiwa nguvu, kwamba chakula inakipata lakini inashindwa kukichoma vizuri, kama jiko la mafuta ya taa lenye utambi mbovu, moto hafifu, moshi tele, na moshi huo ndio unaozidi kuliharibu jiko lenyewe. Alimpa dawa, akamkataza mizigo, akamhimiza ale matunda na mboga za kienyeji akitumaini zingepunguza moshi huo, na tangu siku hiyo Mama Bathsheba alimchumia mboga za managu kila asubuhi, lakini alikuwa amechelewa. Orpah alituaga Jumanne, tarehe 8 Juni 1976.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake wa Marani, na majirani waliomchumia chai alipolala.

Mama Bathsheba anaomba neno lile lifutwe mbele za watu kama lilivyosemwa, kwamba Orpah hakuwa mvivu, alikuwa mgonjwa. Maji mnayokunywa leo ameyateka Mama Bathsheba mwenyewe, akatua njiani mara tatu akilia, akakataa kupokewa.

Pumzika kwa amani, Orpah, safari hii hakuna atakayekuuliza kwa nini umekaa.