Aliyesikiliza Makapi

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne katika chumba cha sauti, fundi wetu mkuu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Agosti. Watangazaji wanamwita Mama Rudia, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila mtu aliyewahi kukaa mbele ya kipaza sauti chake. Mkurugenzi mwenyewe alirudia salamu za mwaka mpya mara kumi na moja. Kabla ya ile ya kumi na mbili aliomba maji.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi, mwandishi wa habari, nimefanya kazi naye ukuta kwa ukuta kwa muda mrefu kuliko wengine. Walioniomba hawakujua kwamba namwonea wivu. Nalitaja hilo mapema ili msomaji ayapime maneno yangu ipasavyo.

Aliajiriwa kuandika lebo za kanda, katika stoo isiyo na dirisha. Kufikia mwaka wa pili alikuwa anakata kanda kwa wembe na kuziunga, na kiungo chake hakikusikika hata utege sikio vipi. Kompyuta zilipoletwa, mafundi wawili waliomtangulia walisema mashine zile si za mtu wa wembe. Akabeba kitabu cha maelekezo kwenda nacho nyumbani, na baada ya wiki mbili akawa anawafundisha. Mumewe, ambaye ni seremala, anasema kwao ni marufuku kuburuta kiti. "Mke wangu anasikia msumari ukifikiria kupinda," alituambia.

Wivu wangu ulianza miaka sita iliyopita. Bibi mmoja wa miaka sitini na sita alifika mapokezi akasema kwamba, akiwa na miaka kumi na tisa, aliitikia katika wimbo ambao kituo chetu hufungulia matangazo ya asubuhi. Jalada la santuri lilitaja mwimbaji mmoja tu, naye alikwisha fariki, pamoja na bendi nzima. Nilipokwenda nyumbani kwa Bibi, wajukuu walianza kucheka kabla sijakaa. "Haya, Bibi ameanza! Kesho atasema ndiye aliyebuni redio," alisema mmoja. Bibi hakucheka. Aliniambia anachotaka ni kimoja tu: asife akiwa anaitwa mwongo nyumbani kwake. Niliandika hayo, pamoja na kituko alichoongeza, kwamba mpiga gitaa alimkanyaga mguu katika ubeti wa pili, naye akaingia kabla ya wakati wake.

Nilimpelekea Mama Rudia wimbo ule ili atenge sauti za waimbaji na vyombo. Wimbo ukishachanganywa, kazi hiyo ni kama kuitoa sukari kwenye chai. Ipo programu ya kompyuta inayojaribu: huupasua wimbo kuwa mafaili mawili, moja la sauti, jingine la vyombo. Faili la sauti lilikuwa na mtu mmoja tu, yule wa kwenye jalada. Nilisikiliza mara tatu. Kisha nikaandika, kwa lugha ya heshima, kwamba kumbukumbu za Bibi zimemdanganya. Kipindi kilipangiwa kwenda hewani Ijumaa saa saba mchana.

Alhamisi asubuhi Mama Rudia aliniuliza kama nimesikiliza makapi. Hilo ndilo jina lake la faili la pili. Nilimjibu kwamba mimi natafuta sauti, makapi ni ya kuku. "Basi kuku ni mimi," akasema, akafunga mlango.

Mafundi wengi ninaowajua hulifuta faili hilo. Yeye alikaa nalo hadi saa ya chakula cha mchana. Alipunguza ngoma, akashusha besi, akaliminya gitaa kidogo kidogo. Kisha akaja chumba cha habari akanivisha hedifoni bila kuniomba ruhusa. Nyuma ya gitaa, upande wa kushoto, msichana alikuwa anaitikia. Inaelekea walimsimamisha kando ya mpiga gitaa, wakatumia kipaza sauti kimoja. Kompyuta, iliyokuwa ikitafuta mwimbaji katikati, ikamhesabu kuwa sehemu ya gitaa. Katika ubeti wa pili aliingia mapema, na kabla ya hapo ilisikika "aah!" fupi ya mtu aliyeumia.

Niliichana habari yangu. Alasiri hiyo tulikwenda kwa Bibi. Alisikiliza macho wazi, mikono magotini. "Hapo ndipo aliponikanyaga," alisema, "jitu lile, Mungu amrehemu." Yule mjukuu wa maneno ya redio akasogea. "Bibi, tuimbie basi." Bibi akamtazama. "Leo? Miaka yote mmenizomea. Ngojeni nile kwanza."

Kipindi kilikwenda hewani kwa sauti yangu na jina langu. Zilipigwa simu sitini na mbili, na hamsini na tisa zilimuulizia fundi. Tuzo ya kipindi bora iko chumba cha sauti, ambako mimi huruhusiwa kuifuta vumbi. Kila mwezi Bibi hupiga kumtafuta "binti yangu wa mashine". Nikipokea mimi, huniuliza, "Na wewe ni nani vile, baba?"

Mafundi tisa waliomo katika jengo hili wamepita mikononi mwake, na wote wamekatazwa kufuta faili la pili. Nimetafuta dosari ya kuweka hapa kwa ajili ya mizani. Nimepata moja: haazimishi hedifoni zake.

Mama Rudia, wenzako wote tunakushukuru. Shukrani yangu mimi nimeichelewesha miaka sita. Wiki ile ningemwita mkweli mwongo, hewani, wajukuu zake wakisikiliza, na ningelala usingizi mzuri kabisa. Hukuniruhusu. Wala hukumwambia mtu, si mkurugenzi, si Bibi, kwamba nilikuwa nimeshaandika vile. Nimelisema mwenyewe leo, nikijua kwamba mimi, kama ningekuwa wewe, ningelitangaza siku ileile. Hata hilo nakuonea wivu. Pumzika vyema, dada yetu, na siku zako zote ziwe za heri.