Dada Chokaa na Kiwanja cha Nyuma ya Soko

Dada yetu, ambaye mji mzima ulimwita Dada Chokaa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika chumba cha nyuma cha duka la baba, wa kwanza kati ya watoto wanne. Alilia kwa sauti kubwa siku hiyo, na wanaomjua watakubali kwamba hakuipunguza. Ukoo huu una vichwa vigumu, jamani, hatufichi.

Alimaliza sekondari ya wasichana mwaka 1984, akasomea uchoraji ramani chuo cha ufundi. Mdogo wake anayewasomea haya aliishia darasa la sita, na dada hakuchoka kumwambia, "Wewe shuleni ulikwenda kusalimia tu."

Mwaka 1987 aliajiriwa manispaa, idara ya mipango miji. Mwaka 1991 aliolewa na fundi bomba, mtu mpole, wakajaliwa watoto wawili. "Anaziba mabomba ya mji mzima, ya kwetu yanavuja," alikuwa akisema, na shemeji yupo hapohapo anacheka.

Jina la Chokaa alilipata mwaka 2019, alipopewa kiwanja cha nyuma ya soko akitengeneze kiwe mahali pa kupumzikia. Alichora mabenchi kwenye kona tulivu, nyuma ya maua marefu. Akawaita vijana wa mtaa, wakamwaga chokaa chini kufuata ramani, kwa ukubwa wake halisi, ili watembee ndani yake. Binti mmoja muuza vocha akasimama penye benchi, akageuka huku na huku.

"Dada, hapa mimi sikai."

"Mbona pametulia?"

"Pametulia kwa nani? Mtu akinijia kwa nyuma nitamwona saa ngapi?"

Dada akachukua ufagio akafuta mistari yake mwenyewe. Tangu siku hiyo hakumaliza ramani ya kiwanja chochote kabla vijana hawajaitembea. Mkubwa wake wa kazi alimwambia anacheza na watoto. Akajibu, "Ndio watakaokaa pale, bosi. Wewe utapita na gari, vioo juu."

Oktoba mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Akiwa kwenye matibabu ya kusafishwa damu, alisikia kiwanja kile sasa kitazungushiwa uzio, kiwe maegesho ya magari. Alitoka hospitali na bandeji mkononi, moja kwa moja hadi ofisini.

"Vijana mmewauliza?"

"Tumewashirikisha, dada. Tuliwapa fulana, tukapiga nao picha."

"Fulana ndiyo maoni?"

Alirudi wodini, na hakupata nafuu tena. Binti wa vocha alipokuja kumwona, aliuliza, "Dada, sasa tufanye nini?" Akasema, "Chokaa imebaki stoo kwangu. Chukueni. Mwageni ramani ile, mafundi wa uzio wakija wawakute ndani yake." Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, alfajiri, shemeji akiwa amemshika mguu.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja na wadogo zake watatu. Ameacha pia vijana wale waliosimama pale nyuma, ambao hawajalala vizuri wiki hii. Mafundi wa uzio wanaanza kuchimba keshokutwa, Jumatatu asubuhi. Kama vijana watasikilizwa au watafukuzwa, hatujui. Binti wa vocha ameomba mwenye nafasi awepo kiwanjani. Shemeji atakwenda. Mdogo wake naye, na mdomo wake wote huu, atakwenda.

Lala kwa amani, dada. Umechoka kihalali.