Jogoo Mmoja wa Mzee Phares Kweyu

Wapendwa waombolezaji, tunayemsindikiza leo, kabla gari halijaondoka hapa Kaloleni kwenda Butere, ni Mzee Phares Kweyu, aliyezaliwa Butere tarehe 14 Aprili 1957, mtoto wa tatu wa marehemu Mama Nabalayo, aliyesifika kwa kuku wa kishingo, wale wa asili, shingo uchi kabisa, miguu ya manjano, wakali wa kulalia mayai.

Alisoma hadi darasa la saba, na kwa kuwa zamani zile kazi haikuuliza GPA wala unamjua nani, tarehe 3 Mei 1977 aliajiriwa karakana ya reli, akafanya kazi hadi akastaafu 2012, jambo ambalo wanawe wenye madigrii wanalisikia kama hadithi za sungura.

Alifunga ndoa na mama yetu, Muhonja, tarehe 8 Desemba 1984, wakabarikiwa Maurine na Seth, na siku ya harusi Mama Nabalayo akawapa jogoo na mitetea wawili, pamoja na onyo kwamba wakichanganyika na wa nje, wamekwisha. Hofu hiyo haikumtoka, jirani Ochola alipoleta majogoo wa improved, wale wa kisasa, Mzee alifunika banda kwa waya hadi juu, na kila jogoo wake mchanga aliyeota hata kishungi kimoja cha manyoya shingoni aliishia kwenye sufuria. Maurine alimwambia, "Daddy, bakisha hata wawili, huyu mmoja akidedi je?" naye akajibu, "Shingo ikivaa skafu, huyo si wa mama yangu." Hivyo ndivyo alivyobaki na jogoo mmoja, na Februari mwaka huu kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipopita, kikawaacha huyo na mitetea wawili tu.

Mwezi huo huo Mzee alianza kukohoa, akalazwa tarehe 2 Juni, na kaka yake, Mzee Luseno, alipokuja kumjulia hali akamtania, "Phares, wacha wasiwasi, jogoo wako yuko fit, atakusindikiza." Wodi nzima ilicheka, mgonjwa hakucheka, kwani desturi ya ukoo wetu ni kwamba mwenye boma akifa, jogoo wake huchinjwa na kuliwa mazishini. Akamshika mkewe mkono, akasema, "Mama Maurine, mimi kufa ni sawa, lakini wasimle." Alituacha alfajiri ya tarehe 19 Juni 2025.

Tangu siku hiyo Muhonja amemficha jogoo kwenye kikapu chini ya kitanda, anaogopa kisu, anaogopa na mikosi ya kuvunja desturi, kila mtu akibisha hodi anakisukuma kikapu ndani zaidi, na asubuhi ya leo kikapu kile kimepatikana ndani ya gari, nyuma ya jeneza, na hakuna anayesema nani amekipandisha.

Baba Mkubwa Luseno, kwa heshima zote, kikapu kimeshushwa. Ochola, yule yule, ametoa jogoo wake mnono aende akachinjwe badala ya wa Baba, kama wazee wa Butere watamkubali hatujui, na tunaogopa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa karakana, majirani wote wa Kaloleni, na Ochola kwa namna ya pekee.

Pumzika kwa amani, Baba, hofu yako tuachie sisi.